Aliyetembea Nyuma ya Dervla

Asubuhi hiyo Assumpta alikula vipande vitatu vya mkate wa magadi, akavipaka siagi kama fundi anayepiga plasta ukuta, na kila kipande kilimpa sababu mpya ya kumsifu wifi yake.

"Kule Birmingham nawaambia watu wote," alisema, mdomo umejaa. "Nawaambia, nina wifi kule nyumbani, huyo siku akifa atapita mbinguni bila kupiga hodi. Miaka sita kamlea mama yangu. Mimi bintiye wa kumzaa nisingemaliza miezi sita, ningekimbia na nguo nilizovaa."

"Kula mkate wako, Assumpta," Dervla alijibu.

Alikuwa kwenye sinki, amewapa mgongo, anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Colman, mumewe, alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Alikuwa anawapeleka kondoo mnadani. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu mama yake afe kule juu, na hakuwa amekanyaga kilima cha Brona tangu siku ile waliyomshusha. Kondoo wake waliokuwa malishoni huko aliwashusha kwa kumtuma mbwa na kupiga mluzi kutoka barabarani.

"Mkipanda, mpande mapema," alisema. "Jirani yetu Festus anasema mchana kilima kitavaa kofia ya ukungu." Kisha akamsogelea mkewe na kumgusa bega. "Asante kwa kumpeleka. Mimi bado siwezi. Ningekuwa na dada tu bila wewe, sijui ningefanya nini."

Dervla alitikisa kichwa bila kugeuka. Maji ya sinki yalikuwa yamepoa zamani.

Sisi majirani habari ya Bi Honora tuliijua hivi. Kwamba akili yake ilikuwa imeanza kumtoroka, akawa anamuuliza mkwewe swali lilelile mara arobaini kwa siku: "Mume wangu amerudi?" Na mume alikuwa kaburini mwaka wa ishirini. Kwamba siku moja ya Oktoba Dervla alikuwa uani nyuma ya nyumba akianika nguo, na aliporudi ndani alikikuta kiti kitupu. Akasema huenda bibi amekwenda kanisani, au ziwani, kwa maana alizoea kuelekea huko. Basi tukamtafuta barabarani na ziwani siku nzima na usiku kucha, wanaume wakiingia majini kwa fimbo ndefu. Kesho yake asubuhi mbwa wa Festus akabweka kule mlimani, kwenye bonde dogo lililochimbwa zamani na wakata mboji, ule udongo mweusi tunaouchoma kama kuni. Bibi alikuwa amejikunja humo kama mtoto aliyelala, miguu mitupu. Daktari alisema hakuwa amefariki muda mrefu. Zilikuwa zimepita kama saa tatu au nne tu. Alikuwa amemaliza siku nzima na karibu usiku wote akiwa hai.

Festus, aliyemwona wa kwanza, alisema neno moja tu pale kaburini: "Tungelijua tu upande." Hakumlenga mtu.

Hivyo ndivyo tulivyojua sisi. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata.

Asubuhi ile ya mwaka uliotangulia Dervla hakuwa anaanika nguo. Alikuwa jikoni. Alikuwa hajalala siku tatu, kwa kuwa bibi alikuwa akiamka kila saa na kuvuta mlango wa mbele akitaka kumfungulia marehemu mumewe. Birika lilikuwa limechemka. Alimimina chai, akainua macho, na kupitia dirishani akamwona mkwewe katika koti lake la kijivu akilifungua geti la njia ya mlimani. Alipita. Akalifunga nyuma yake kwa uangalifu, kama afanyavyo mtu aliyefuga kondoo maisha yake yote. Kisha akageuka, akaitazama nyumba na kuinua mkono. Dervla alijiambia kwamba bibi alikuwa anashika skafu yake isipeperuke.

Hakutoka.

"Dakika kumi," alisema peke yake. "Mungu wangu, dakika kumi tu."

Akakaa, akaligeuzia dirisha mgongo. Akanywa kikombe cha kwanza. Kulikuwa na utulivu nyumbani ambao hakuwa ameusikia kwa miaka sita. Akamimina cha pili. Alipoinuka, saa ya ukutani ilimwambia kwamba dakika arobaini zimekwenda. Alikimbilia getini. Njia ilikuwa tupu mpaka ilipopinda.

Na Colman alipokuja mbio kutoka shambani, maneno yalimtoka Dervla yenyewe kabla hajayachagua. Sikumwona. Nilikuwa naanika nguo. Labda kanisani. Labda ziwani. Yalipokwisha kutoka hayakurudishika. Kila saa iliyopita alijiambia, sasa nitasema. Na kila saa iliyopita iliifanya saa iliyofuata kuwa ngumu zaidi, mpaka mbwa wa Festus akabweka.

Tangu hapo watu walimsifu. Padri alimtaja katika mahubiri. Wanawake walimletea keki. Dervla alizila zote, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa na ladha ya majivu.

Basi saa nne kasoro wakaanza kupanda, Dervla mbele na Assumpta nyuma, kwa kuwa njia ile haitoshi zaidi ya mtu mmoja. Dervla alibeba fimbo na msalaba mdogo wa mbao ambao Assumpta alikuwa ameutoa Uingereza ndani ya sanduku la nguo, jina la mama yake limechongwa. Walitaka kuusimika pale alipopatikana, waseme sala, warudi kabla ya chakula cha mchana.

Festus walimkuta getini akirekebisha waya wa ua.

"Mnaenda kumsalimia bibi," alisema.

"Tunaenda, Mzee Festus," Assumpta alijibu. "Nikifia njiani mwambie kaka yangu viatu vyangu vipya asimpe mtu, ni vya bei."

Festus alicheka kidogo, akatazama juu. Kilele kilikuwa wazi, lakini magharibi kulikuwa na weupe umelala chini kama maziwa yaliyomwagika. "Msipite saa sita mkiwa huko," alisema. "Na geti mlifunge."

Tope la kilima chetu si tope la barabarani. Ni jeusi na linapumua. Ukilikanyaga linakubonyea taratibu, halafu linainuka nyuma yako kama godoro mtu akiondoka. Tena haliozeshi kitu. Babu zetu walizika siagi humo, na wajukuu wameitoa ikiwa bado ina alama za vidole vya mwanamke aliyeikanda. Kilima kikipewa kitu hukihifadhi.

"Wifi, wewe una miguu ya mbuzi," Assumpta alilalamika. "Polepole. Gambuti langu linabaki nyuma, mimi natangulia."

"Kanyaga penye nyasi ngumu."

"Zote naona nyasi. Hivi mama alipandaje huku, na magoti yale?"

Dervla alichoma fimbo mbele, akapita.

"Daktari alisema aliishi mpaka alfajiri," Assumpta aliendelea, sauti yake sasa imeshuka. "Huwa nafikiria hilo nikiwa kwenye basi. Nafikiria, alikuwa anaita nani? Maana lazima aliita. Ila najua mlifanya yote. Hilo ndilo linanipa usingizi, wifi. Nakwambia kweli. Kwamba ulikuwepo wewe."

Dervla aliongeza mwendo. Nyuma yake Assumpta aliita kitu, kuhusu goti lake, kisha upepo ukayachukua maneno. Akajisemea atamsubiri penye mwamba. Alipofika penye mwamba, weupe ule wa magharibi ulikuwa umekwisha kufika.

Ukungu wa Brona hauji kama moshi. Unakuja kama mtu anayefunga mlango. Dervla aliona njia, akaona nusu ya njia, akaona fimbo yake na mkono ulioishika. Basi.

"Assumpta?"

Kondoo alikohoa mahali fulani.

"Assumpta, uko wapi?"

"Nipo."

Sauti ilikuwa karibu, nyuma yake tu. Ya chini, ya mtu aliyeishiwa pumzi. Dervla alishusha mabega.

"Nilidhani umerudi. Kaa karibu nami. Tumekwisha fika, ni hapo mbele tu."

Akatembea. Nyuma yake alisikia hatua zikimfuata. Pwachu. Pwachu. Nyepesi, kwa mtu mwenye mwili kama wa Assumpta.

"Kushoto," sauti ilisema. "Hapo kuna shimo."

Dervla alisimama. Akanyoosha fimbo mbele na kuchoma. Nyasi zilikubali, chini yake hapakuwa na kitu, na fimbo ikazama mpaka vidole vyake vikagusa maji baridi.

"Umejuaje?"

Akafikiri, mtu aliyezaliwa huku hasahau, hata akae Birmingham miaka thelathini. Akapita kushoto. Pwachu. Pwachu. Kulikuwa na harufu ya koti la sufu lililolowa.

Bonde lile aliliona likimjia ghafla miguuni. Kuta zake nyeusi zilikatwa sawasawa na majembe ya watu waliokufa zamani. Ndani mlikuwa na nyasi laini, na nyasi hizo zilikuwa zimelala, kana kwamba mtu alikuwa ametoka kuzilalia. Dervla alipiga magoti. Alichoma msalaba topeni, akauzungushia mawe.

"Tusali," alisema bila kugeuka, na akaanza Salamu Maria.

Alipofika nusu, sauti nyuma yake iliipokea. Polepole. Kila neno mahali pake. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

Neno wakosefu lilimwingia Dervla kama msumari. Mwaka mzima alikuwa amelishika jambo lile kama mtu aliyeshika kaa la moto kiganjani huku akiwatabasamia wageni. Hapo, akiwa amepiga magoti, hakuona uso wa mtu na wala mtu hakuuona wake. Alijua kwamba asiposema sasa hatasema mpaka kaburini.

"Assumpta," alisema. "Usinene kitu mpaka nimalize. Na usinishike."

"Sikuwa naanika nguo. Nilikuwa jikoni. Nilimwona mama yako akifungua geti la mlimani. Nilimwona kwa macho yangu na sikutoka. Nilikuwa nimechoka, Assumpta, sikuwa tena mtu. Nikakaa, nikanywa chai. Vikombe viwili. Nilijua ameelekea huku. Nikawaambia kanisani. Nikawaambia ziwani. Nilimwacha kaka yako aingie ziwani na nilijua hayumo. Ningesema ukweli, tungempata kabla ya jioni, angali hai. Nilimuua mama yako kwa aibu yangu. Si kwa kitu kingine. Aibu tu."

Alilia. Alingoja pigo, au ukelele, au hatua zikikimbia.

"Najua," sauti ilisema.

Ilikuwa karibu na sikio lake.

"Nilikupungia mkono. Hukujibu."

Dervla hakuwa ametaja mkono. Hakuwa amemtajia mkono ule mtu yeyote. Wala padri.

Baridi ilimpanda kutoka magotini. Shingo ilikataa. Akailazimisha. Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu, na chini yake, penye tope, hatua moja kutoka alipopigia magoti, alama mbili ndogo. Za miguu mitupu. Zilikuwa zinajaa maji polepole, kama inavyokuwa mtu akiwa ameinua mguu sasa hivi.

Alikimbia. Hakujua upande. Alianguka, akaamka, akaanguka tena. Aliukuta ukuta mweusi wa bonde, akaukwea, akakimbia tena, na baada ya muda mrefu aliukuta ukuta mweusi wa bonde, na ndani yake msalaba wenye jina la Honora. Alikimbia kinyume. Akaukuta msalaba.

Wazee wetu husema kwamba kuna mahali mlimani ukipakanyaga, hata uwanja ulipozaliwa ukiuona hutautambua, na dawa yake ni kulivaa koti ndani nje. Dervla alilivua lake kwa vidole vilivyokufa ganzi, akaligeuza, akalivaa, kitambaa cha ndani kikipepea juu. Akafumba macho. Akayafumbua. Ukungu ulikuwa palepale.

Akasimama. Hakuwa na nguvu ya kukimbia tena.

"Mama," alisema. "Nisamehe."

Hakuna aliyemjibu neno hilo. Kwa muda mrefu hapakuwa na chochote, isipokuwa maji yakitembea chini ya nyasi. Kisha, nyuma ya bega lake la kulia:

"Mume wangu amerudi?"

Swali lilelile. Sauti ileile, ya mama anayeuliza kwa adabu, akijua kwamba anasumbua. Mara arobaini kwa siku, miaka sita, alikuwa amelijibu swali hilo, na kinywa chake kililijibu sasa kabla yeye hajataka.

"Bado, Mama. Yuko njiani."

"Basi twende nyumbani tumsubiri," sauti ilisema. "Kulia."

Akaenda kulia. Angefanya nini? Pwachu, pwachu, hatua nyuma yake. "Moja kwa moja." Akaenda moja kwa moja. "Simama." Akasimama, mguu angani, na upepo ukafunua mbele yake maji meusi yasiyo na ukingo, mapana kuliko chumba, yametulia tuli. Kiwiko chake kilishikwa. Vidole vitano, vyepesi, baridi yake ikipenya kitambaa. Vikamvuta nyuma hatua mbili, vikamwachia.

"Mume wangu amerudi?"

"Bado, Mama."

Hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka ataona, na kwamba akiona hatafika. Walishuka hivyo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Alijibu swali mara ngapi hakuhesabu. Alipoona nguzo ya geti alilisukuma, akapita, akakimbia barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hapo hakulifunga.

Gari walilokuja nalo lilikuwa kando ya barabara. Assumpta alikuwa ndani, miguu imewekwa juu ya dashibodi, soksi zinakauka, anakula tufaha.

"Yesu na Maria, wifi, umetoka wapi?" alisema. "Nimekaa humu tangu saa tano. Nilikupigia kelele goti limegoma, narudi chini. Hukunisikia? Na mbona koti umelivaa ndani nje?"

Ilikuwa saa nane na nusu.

"Ulirudi saa tano," Dervla alisema.

"Saa tano kasoro. Festus ndiye alinishika mkono pale kwenye matope, muulize." Assumpta aliacha kutafuna. "Wewe ulikuwa na nani huko?"

Colman alirudi kutoka mnadani saa kumi, amechangamka, kondoo wamekwenda vizuri. Aliwakuta wanawake wawili mezani bila taa na bila moto, Dervla bado ana tope mpaka kiunoni. Dervla alimwambia akae. Kisha akasema yote kwa mara ya pili siku hiyo, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa kulikuwa na nyuso. Alisema geti. Alisema chai. Alisema na mkono ulioinuliwa. Alisema ziwa, na mwisho akamsema aliyemshusha kilimani akiuliza swali lilelile.

Assumpta alilia bila sauti. Aliinuka, akaenda chumbani, na wakasikia zipu ya sanduku.

Colman alikaa. Alikuwa na kofia yake mikononi na aliizungusha, akaizungusha.

"Niliingia lile ziwa mpaka hapa," alisema hatimaye, akagusa kifua. "Usiku. Nilikuwa napapasa kwa mikono. Kila nikigusa mzizi nadhani ni nywele zake."

"Najua."

"Uliniletea supu." Alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulisimama ukingoni, ukanishikia tochi, ukanipa supu, ukaniambia Colman, kunywa, utapata baridi. Nikasema moyoni, nimeoa mwanamke."

"Ndiyo," Dervla alisema.

"Ningekusamehe chai," Colman alisema. "Ile chai ningekusamehe siku hiyohiyo. Hata mimi nilikuwa natafuta kazi za shambani ambazo hazipo ili nisiingie ndani."

Akavaa kofia, akatoka kwenda kuwalisha mbwa. Usiku huo alilala katika chumba cha mama yake.

Asubuhi Assumpta aliondoka kwa basi la kwanza. Hakumkumbatia Dervla, ila alipofika mlangoni alisema, akiangalia pembeni, "Alijibiwa swali lake, huko? Uliposhuka naye?"

"Kila mara."

Assumpta alitikisa kichwa, akachukua sanduku lake.

Dakika chache baadaye Festus aligonga dirisha. Hakutaka kuingia. Alisema amelikuta geti la mlima wazi, akapanda kidogo kuangalia kama kondoo wametoroka, na kuna kitu anataka Colman akitazame, ila Colman peke yake. Dervla aliwafuata hata hivyo, hatua kumi nyuma, na hawakumkataza.

Njia ilikuwa na tope laini, na tope lilikuwa limeandika kila kitu. Zilikuwepo alama za jozi mbili za gambuti zikipanda na jozi moja ikigeuka na kushuka upesi, viatu vya Festus pembeni yake. Hizo hazikuwa na neno. Lakini zilikuwepo nyingine zikishuka, zimechelewa, zimekanyaga juu ya zote. Gambuti za Dervla. Na nyuma ya gambuti, wakati mwingine kando yake, miguu mitupu. Midogo. Dole gumba la kushoto limepinda kwa ndani, kama lilivyokuwa la Bi Honora.

Colman alilitazama dole hilo kwa muda mrefu. Kisha, yule aliyekuwa hajakanyaga kilima mwaka mzima, akaanza kupanda. Walizifuata kinyumenyume. Kila palipokuwa na shimo, miguu mitupu ilikuwa imepita upande wa shimo, na gambuti upande wa nchi kavu. Penye maji yale meusi ilikuwa imesimama ukingoni kabisa, visigino vikielekea maji, kama mtu aliyejiweka katikati. Zilianzia bondeni, kwenye nyasi zilizolala. Hapakuwa na alama yoyote ya miguu mitupu ya kuingia humo.

"Tushuke," Festus alinong'ona. "Colman, tushuke."

Wakashuka, na sasa walizifuata upande zilikokwenda. Getini zilipita pamoja. Barabarani zilikuwa madoa ya kahawia yaliyokauka, makubwa na madogo. Pale gari lilipokuwa limeegeshwa jana, gambuti ziliishia. Miguu mitupu haikusimama. Iliendelea peke yake, bila haraka, ikaingia ua wa Colman, ikavuka saruji, ikafika kwenye kizingiti cha mlango wa mbele.

Festus alizunguka nyumba yote, kichwa chini, kama anayetafuta sarafu. Alirudi amepauka.

"Hakuna za kutoka," alisema.

Colman na Dervla bado wanaishi pale. Huongea, mambo ya kondoo na hali ya hewa. Colman hajarudi chumbani mwao. Baada ya hapo mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, ikaosha barabara, ikaosha njia ya mlima, na alama zote za gambuti zikaondoka. Zile ndogo za uani zipo. Dervla huufagia ua kila asubuhi kuanzia getini, na akifika pale huinua ufagio, akazunguka.